Gharama Iliyoitwa Transport

Juzi, kwa mpiga chapa mmoja wa mtaa wa Kampemba, nilimkuta mjane muuza unga akiingiziwa matumizi ya duka lake kwenye jedwali la kompyuta.

"Na hii franga ya kila juma ni ya nini, Mama?" mpiga chapa aliuliza.

"Iko ya ndugu ya bwana yangu. Tangu bwana alikufa, anakuyaka hapa dukani kuikamata."

"Niandike hivyo?"

Mama akatazama mlangoni. "Apana. Andika transport."

Jumla ilitokea kwa rangi nyekundu ya hasara. Mpiga chapa akasema polepole, "Mama, ukitoa hii transport mu matumizi, duka itapona."

"Nikiitoa, naye atanitoa mu nyumba."

Akalipa, akakunja karatasi yake, akaondoka.

Tunahimizwa tuandike matumizi ili tuone fedha inapovujia. Yule mama ameona. Sasa nani atakwenda kumwonyesha shemeji?