Vifuko vya Visheti

Harufu ya nailoni iliyoguswa na moto wa mshumaa hunirudisha uani kwa bibi, Bagamoyo, asubuhi ya maulidi. Nilitumwa dukani vifuko vidogo vya kufungia visheti vya wageni, nikaleta vikubwa. Visheti vitano vilizama chini, kifuko kikaonekana kama kitupu.

"Watu watasema tumewabania," mama akafoka. Machozi yakanilenga.

Bibi akavimwaga visheti kwenye sinia. Alikata kifuko katikati kwa mkasi, akapitisha ukingo wa kipande cha juu kwenye mshumaa hadi ukagandana. Kimoja kikawa viwili, saizi ileile iliyotakiwa.

"Wewe uliwasahau majirani wa nyuma," akamwambia mama. "Mwanao kawakumbuka; sasa vifuko vitawatosha na wao."

Nikashusha pumzi, nikaomba nishike mshumaa.