Ahadi ya Mwalimu Kosma

Wasemao kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Kosma Majaliwa, aliwapotosha Wakristo wa Makurunge hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Mwaka 1888, vita vilipofika Bagamoyo, aliwasomea zaburi ya ulinzi, akawaahidi kuwa wakibaki shambani hakuna ovu litakalowagusa. Padri aliposikia, akamwita misheni, walikokimbilia watu wa vijiji vingine.

"Neno halikosei, Kosma. Lakini nani amekwambia linasema habari za shamba lenu?"

Alirudi mbio, akawakuta wanapalilia mihogo.

"Zaburi ni kweli," aliwaambia. "Aliyekosea ni mimi. Chukueni watoto, twendeni misheni."

Bibi Felisita hakuacha jembe. "Jumapili ulisema Mungu ametuahidi, Mwalimu. Leo imani imekupungua, unataka na sisi itupungue?"

Wengine wakacheka. Aliwasihi mmoja mmoja kwa majina yao ya ubatizo, na hakuna aliyeinuka. Moshi, uliokuwa mbali asubuhi, sasa ulikuwa katika kijiji cha jirani.

Kosma alinikabidhi wanetu nitangulie nao misheni. Kisha akavua kanzu, akaomba jembe, akaingia kati yao kupalilia.