Rondeli ya Gurudumu la Nyuma

Nina shahada mbili, na bado harufu ya mawese juu ya chuma hunitoa jasho.

Siku moja utotoni mwangu, Papa, baba yangu, alikuwa akibadilisha nati na rondeli, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, za gurudumu la nyuma la pikipiki yake. Kwa kukosa grisi alizipaka mawese zote, mpya na za zamani, zikang'aa sawasawa. Nikaiba rondeli moja ya kuzamishia ndoano ziwani. Alipokwisha kuondoka na pikipiki kwenda Nyanza-Lac, ndipo nikajiuliza nimechukua ipi, mpya au ya zamani. Nilikaa kando ya barabara nikiliona gurudumu likichomoka mara mia, mpaka aliporudi, mzima.

"Papa, rondeli yako mupya iko mu ziwa!"

"Ile ni ya zamani, mwizi wee. Mupya nilikuwa nimeibana na meno. Unafikiri kwa nini sikukupigia kelele wakati unaiba?"