Baba mdogo amekataa kuketi kwenye ruracio yangu kwa sababu ya bodi

Admin, ukiweka hii ondoa jina langu, ingawa baba mdogo akiisoma atanijua kabla hajafika mstari wa tatu. Na anijue tu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Tetu, na kazi yangu iko Nyeri mjini. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akatulea kwa kuchuma chai za watu. Mdogo wake baba, huyu baba mdogo, ndiye alinisomesha chuo, kisha akaniajiri kwenye karakana yake ya mashine za kuangulia vifaranga. Sijasahau, kwa hivyo msianze kunikumbusha.

Mimi huchora bodi, ile sahani ya kijani iliyo ndani ya mashine, inayopima joto na kuwasha hita. Yetu ina matabaka manne yaliyobanwa pamoja. Nyaya za shaba hupita tabaka la juu na la chini, na mara tu chini ya zile za juu mimi huweka tabaka moja la shaba tupu, zima, lisilokatwa popote. Tunaliita graundi. Hilo ndilo hutuliza kelele za umeme. Ukilikata, nyaya zinaanza kusikia mambo yasiyozihusu, kama wapangaji waliotenganishwa na ukuta wa mabati.

Nikiwa likizoni, baba mdogo akaagiza maboksi mapya, madogo, ya kupendeza, na bodi yangu ikakosa kuingia. Akaifinya mwenyewe, akapitisha nyaya katikati ya graundi, akatuma mchoro, bodi zikatengenezwa. Niliporudi niliijaribu. Ilipima vizuri mpaka simu yangu ikaita pale juu ya mashine, joto likaruka kwenye kioo na hita ikajizima. Nikarudia, ikawa vile vile. Nilipomweleza alisema hakuna mtu huweka simu juu ya mashine. Jamani, huku kwetu soketi ya mashine ndiyo hiyo hiyo ya kuchaji simu. Kila boma nimeingia nimekuta simu imelala pale juu.

Akazipeleka mashine kwenye maonyesho ya wakulima hivyo hivyo. Mama mmoja wa Wamagana, ambaye mayai alikuwa ameshakusanya, akaniuliza mimi, si yeye, kama hiyo ni nzuri kama ile ya jirani yake. Nilimwambia asinunue bado, angoje niirekebishe. Watu waliokuwa karibu walisikia, wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni baba mdogo aliniita kwake, mama yangu akiwepo. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mpigie huyo mama umwambie ati ulikuwa umekosea. Ukikataa, hiyo ruracio yako itafutie mtu mwingine wa kukaa."

Kwa wasiojua, ruracio ni siku ya mahari. Watu wa mchumba wangu wanatoka Chuka mwezi ujao, na kwa kuwa sina baba, yeye ndiye wa kuketi mbele na kuwapokea. Asipoketi, kijiji kitasema nimetolewa kama mtoto asiye na kwao.

Nilimjibu kwamba kwa kumwaibisha mbele ya wateja nitaomba msamaha, hata kwa magoti, na mbuzi nitaleta wazee wakisema. Lakini sitasema ile bodi ni nzuri. Akasema msamaha bila hiyo simu hautaki. Tangu hapo mama analia tu.

"Sema tu yaishe," ananiambia. "Hiyo mashine si yako, na bwana ni wako."

Inaniuma, siwadanganyi. Huyu mtu ndiye alinishika mkono tukimzika baba. Lakini nikipiga ile simu, yule mama atanunua kwa sababu ni mimi nimesema, na mayai yake yataharibika mimi nikikata keki. Siwezi, na sitaki kuweza.

Kwa hivyo msiniambie nijikanushe, hilo limekwisha. Mchumba wangu anasema wazazi wake watapokelewa na yeyote atakayewekwa. Mimi nataka kile kiti akikalie mama yangu mwenyewe, aliyenizaa na kunilea. Nishaurini, wazee na kina mama wa huku mlio humu: nimketishe? Na kama kuna mzee wa kwetu atakayeinuka aondoke akimwona pale mbele, aseme mapema, tusimpikie.