Mashine Niliyomfungia Baba Mdogo

Baba mdogo alitaka vitu viwili kwangu: nimfungie mashine yake Bunda, kisha nimlete bibi aje kuifungua. Cha kwanza kilinitapisha. Cha pili mpaka leo sijui nikitie wapi.

Bibi ni mama yake mzazi, mama wa marehemu baba yangu, na anakaa Butiama. Ana mkono wa heri. Kwetu hakuna aliyekuwaga anapanda kabla yeye hajadondosha mbegu ya kwanza, iwe mtama au ulezi, na mtu akifungua genge anamwita anunue kitu cha kwanza, hata kiberiti. Ni mjane, ng'ombe hana, wala kwenye vikao vya ukoo haulizwi neno. Mkono huo ndio cheo chake chote. Mwenyewe anasemaga ni wa Mungu, amemwazima tu, na siku akiutaka atauchukua bila kubisha hodi. Akisema hivyo anacheka, ila nimemjua bibi maisha yangu yote na najua anaiogopa siku hiyo.

Haya, mashine. Ni ile ya kioo yenye midoli ndani, unatumbukiza sarafu, unaongoza kucha za chuma kwa kijiti, zinashuka na kufumbata mdoli, zinamdondosha kwenye shimo, unamchukua. Mimi ni fundi wa mafriji na redio, nina kibanda changu Kigera, Musoma, na mashine ya namna hiyo nilikuwa nimeiona mara moja tu huko Mwanza nikaipita. Lakini baba mdogo ni baba. Akikuita unakwenda.

Alikuwa amepanga fremu ya duka iliyokuwa bucha kwa miaka mingi, na hakuna chokaa ya kuitoa bucha ukutani. Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyooza ilinipokea kabla yeye hajanipa mkono. Mashine yenyewe, mtumba wa watu, ilishushwa vipande vipande kutoka kwenye lori lililobeba pia magunia ya dagaa. Nilipofungua mlango wa nyuma wa sanduku la chini, mende walimiminika kama waumini wanaotoka misa ya kwanza. Pembeni ya transfoma alilala panya mkavu, bapa kama kandambili, juu ya kiota cha manyoya aliyoyanyofoa kwenye midoli. Chini ya kijiti palikuwa pamegandia bigijii zilizotafunwa na watoto nisiowajua, nyingine bado zina alama za meno. Nilizibandua kwa bisibisi huku nimebana pumzi, kisha nikatoka nje nikatapika. Sioni aibu kulisema hilo.

Na midoli sasa. Ilikuja kwenye kiroba kimoja: dubu wa jicho moja, sungura mwenye doa la njano kifuani ambalo sikutaka kulichunguza, mwanasesere ambaye nywele zake zimeshikana kwa kitu kama uji. Nikashauri tuifue kwanza kwa maji ya moto. Baba mdogo akaniuliza kama sabuni inaokotwa, na nani atainusa ikiwa nyuma ya kioo. Akaimwaga ndani kama ilivyo, akapangusa viganja kwenye suruali, akaenda kula.

Nilifanya kazi siku mbili. Sakafu ya bucha inajengwa na mteremko ili damu itoke na maji, kwa hiyo kila nikiipima, mashine ilikuwa inainamia mlangoni na kucha zinakwenda upande. Nikachonga vibao, nikaviweka chini ya miguu, nikapima tena kwa pimamaji mpaka ikatulia. Nikapandisha vioo vinne, kila kimoja na mafuta yake ya vidole vya watu. Juu nikafunga reli na kigari kinachotembea juu yake, nikaunga mota, nikapitisha kamba ya kushushia kucha, na mwisho ile sumaku inayozifanya zifumbate. Umeme wa pale unapanda na kushuka utakavyo, nikaweka na stebilaiza. Ilipowaka taa zake zote na kamuziki kake ka kuudhi, kwa dakika moja hivi nilijiona fundi kweli kweli.

Baba mdogo akafunga mlango kwa ndani, akanionyesha karatasi ya maelekezo. Nguvu ya sumaku inapangwa kwenye kioo kidogo chenye vitufe, ndani ya mlango wa nyuma. Unaweza kuiamuru mashine ifumbate sawasawa mara moja tu katika kila mara ishirini, na hizo kumi na tisa imnyanyue mdoli mpaka juu, watu waanze kushangilia, halafu ilegeze. Ndivyo alivyotaka. Nikamwambia huo ni wizi. Akasema mashine zote duniani ziko hivyo, na kwamba mimi nilikuwaga na maneno mengi tangu naota meno. Nikapanga alivyotaka. Ni vidole vyangu hivi hivi ninavyokulia ugali.

Nilichojitetea nacho moyoni ni kwamba nitamlinda bibi. Jioni ile niliichezesha mashine mwenyewe mara kumi na tisa, nikihesabu, kisha nikaizima. Hesabu haifutiki ukiizima, kwa hiyo mara ya ishirini, yenye nguvu, ingekuwa ya bibi. Nikamwambia baba mdogo asiiguse mpaka nirudi naye. Akaitikia bila kuinua macho kwenye simu yake. Nikalala na roho nyeupe, nikijiona mjanja.

Asubuhi nikamfuata Butiama. Nilimkuta ameshaoga, amevaa kitenge chake cha Pasaka, ananisubiri. Tulipofika Bunda watu walikuwa wamejaa mbele ya fremu, kina mama wa magenge na vijana wa bodaboda, soda zimeshafunguliwa. Na mlangoni amesimama baba mdogo, amemwinua yule dubu wa jicho moja juu ya kichwa chake, anawaonyesha watu kwamba mashine inatoa. Alishindwa kungoja. Alitaka apigiwe makofi kidogo kabla mama yake hajafika. Pale pale nilijua kwamba ile ya ishirini ameshaitumia.

Ufunguo wa mlango wa nyuma nilikuwa nao mfukoni. Kuipanga sumaku upya ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini ningeifungua mbele ya macho yote yale, na wangeniuliza narekebisha nini, na ningesema nini? Nikabaki nimesimama.

Bibi akafanya ishara ya msalaba, akatumbukiza sarafu. Alikishika kijiti taratibu, kucha zikashuka juu ya yule sungura barabara, zikamfumbata, zikamnyanyua. Watu wakapiga kelele. Juu kabisa kucha zikaachia. Akatumbukiza ya pili, ikawa vile vile. Ya tatu sungura alisafiri mpaka karibu na ukingo wa shimo, kisha akaanguka kifudifudi, na hapo ndipo kicheko kilipozuka. Kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti kwamba mkono wa bibi umeisha muda wake. Sikumpiga. Nilikuwa natazama vibao vyangu chini ya miguu ya mashine, vilivyokaa sawa kabisa.

Baba mdogo akamshika mama yake kiwiko, kwa adabu zote, akamketisha pembeni na soda. Kisha akamwita mwenye genge la jirani aje ajaribu yeye, ili kuondoa mkosi. Alilitamka neno hilo mama yake akiwa hatua mbili kutoka pale. Nimeona panya mkavu na nimebandua mate ya watu kwa bisibisi, lakini kinyaa nilichokisikia wakati ule sijawahi kukisikia kwa kitu chochote. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa nguo moja, yeye na mimi.

Njiani kurudi Butiama bibi alikuwa ameuweka mkono wa kulia ndani ya wa kushoto, mapajani, kama unavyombeba kifaranga. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, kwa utani. Safari ile hakuwa anatania.

"Mume wangu," akasema, "mwenyewe ameuchukua."

Nikageuza uso dirishani.

Maneno yalifika Butiama mapema kuliko mvua. Mama yangu akanipigia simu kuniambia watu wawili wamefungua biashara bila kumwita bibi, na kwamba shamba limelimwa, mbegu ipo, naye amekataa kudondosha hata punje moja, anasema asije akawaletea watu njaa. Nikapanda gari siku hiyo hiyo. Nilimkuta uani anachambua ulezi kwenye ungo, nikaketi chini, nikamweleza yote: sumaku, hesabu ya ishirini, dubu wa baba mdogo.

"Ulijua tangu tunaingia pale?"

Nikasema nilijua.

"Na ufunguo?"

Nikasema ulikuwa mfukoni.

Akapuliza makapi kwenye ungo. Aliponitazama hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Basi mimi nimejua. Lakini siyo mimi niliyecheka. Kawaambie waliocheka."

Nikamwitikia kwamba nitakwenda. Mvua zimenyesha, kila mtu amepanda kivyake bila kumngojea mwenzake, na ulezi wa bibi uko bado kwenye ungo. Bunda nimekwenda mara tatu tangu siku ile. Mara zote tatu baba mdogo ndiye aliyeniita kuitia grisi mashine, watu wamejipanga na sarafu zao mkononi, nami nikaitia grisi nikaondoka.