Barua Aliyoificha Ami

Nilianguka uso ndani ya sinia la biriani, kwenye arusi ya binti wa ami yangu. Kifua kilinibana kama kimefungwa kamba, jasho likanitiririka. Tulikuwa watano tukila, na wallahi, wale wanne waliokoa nyama kwanza.

"Hebu mwinueni, alalia paja!"

Niliamkia wodini. Daktari akaniuliza mbona sikuanza dawa, kwani watafiti walishatuma majibu ya damu tangu mwaka juzi. Majibu gani? Mimi sikuona hata karatasi.

Damu kweli tulitolewa. Wanaume wa kwetu hawaufikii uzee. Huanguka tu, na matangani husemwa ni hasadi ya majirani. Watafiti wakaja nyumbani Mji wa Kale kutazama kama moyo mbovu twaurithi. Wakatutoa sote, mimi, ndugu yangu mdogo, hata wanawe wawili. Anwani tukaandikisha sanduku la posta la ami. Ukoo mzima hatuna jengine, na ufunguo anao yeye.

Nilipotoka hospitali nikamwendea. Hakukana.

"Ilikuja," kasema, akimung'unya halua. "Yatutaja kwa majina, hata wale watoto wawili. Yasema damu yetu ina mafuta ya kurithi, tuache samli na sigara, tukatafute dawa. Sasa ningeitangaza, wasichana wetu nani angewaposa?"

"Na ndugu yangu je, ami? Si tumemzika mwaka jana!"

"Siku zake zilikwisha, mwanangu. Kunywa kahawa."

Zilikwisha! Alikuwa akimaliza pakiti ya sigara kwa siku na kujiona simba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mimi vilevile, sijitoi. Skuli niliishia darasa la sita, lakini wa kunisomea barua singemkosa. Leo nameza vidonge, nala mchicha wa kuchemsha, na kila asubuhi naenda kwa miguu kutoka Tudor hadi sokoni Marikiti, wachukuzi wakinipigia kelele: "Mzee, wamfukuza nani?"

Nacheka nao. Kwa wale watoto wawili wa marehemu ndipo sicheki. Mama yao nimemsihi awapeleke wakapimwe upya, hataki, na sababu ni wewe, ami: wamwambia barua ni uzushi wangu. Binti yako amekwisha kuolewa, wamwogopa nani tena? Itoe. Isomwe mbele ya mjane huyo, majina ya wanawe ayasikie, kisha umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwa nini mumewe hakusomewa.