Karatasi Iliyosema Nusu

Nilimpa mdogo wangu figo yangu ya kushoto. Watu wa kijijini kwetu Wawi wananisifu kwa hilo hadi leo. Nikipita dukani husikia, "Mwalimu ana moyo huyo," na mimi huinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Laiti wangenitukana.

Mdogo wangu ni fundi wa mashine za boti kule Chokocho. Figo zake ziliharibiwa na presha ambayo hakujua kuwa anayo, na miguu ilipomvimba sote tulisema amezidisha chumvi. Tulipofika hospitali bara, nilipimwa mimi kwanza, maana ndimi dada mkubwa na ndimi mwenye domo. Kundi la damu likakubali. Kikafuata kipimo kingine, cha kutazama zile alama ambazo kinga ya mwili huzitumia kujua hiki ni changu na hiki si changu. Daktari, kijana mpole, akanipa karatasi ya majibu. Tulikuwa tumelingana nusu.

"Nusu si mbaya, Mwalimu," alisema. "Ndugu wengi wa baba mmoja mama mmoja huwa hivi hivi. Tutaendelea. Ila vidonge vyake asivichezee hata siku moja."

Nilimwelewa vizuri sana. Nimefundisha bayolojia miaka ishirini na zaidi. Kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na ndugu wawili wanaweza kulingana kote, nusu, au wasilingane popote. Nimeichora hesabu hiyo ubaoni mara ngapi sijui, na aliyekosea nilimrudishia daftari.

Lakini jioni ile sikuwa darasani. Mdogo wangu alizaliwa miezi saba baada ya baba kurudi kutoka Mombasa, na watu walihesabu vidole. Mama, Mungu amrehemu, aliyabeba maneno hayo hadi kaburini bila kumjibu mtu. Aliyeyapenda zaidi alikuwa shangazi yetu, dada yake baba. "Lisemwalo lipo," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na ni yeye aliyepiga simu kuuliza majibu. Nyuma yake nikasikia wanawake wengine, kwa hiyo nikajua ameiweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Haya nambie, mwanangu. Mmelingana?"

Kwetu aibu ya mzazi hufunikwa, awe hai au amekufa. Nikaitazama ile nusu nikaona watakavyoigeuza: ndugu nusu, baba nusu, mama gani yule. Ningewaeleza vipi habari za chembe na urithi, kwenye simu, watu waliokwisha kukata shauri tangu mimi ni mtoto?

"Kabisa, shangazi," nikasema. "Kama pacha."

Wakapiga vigelegele. Nilifurahi, siwezi kujidai sikufurahi. Nilikuwa nimemfunga mdomo mwanamke yule baada ya miaka arubaini. Karatasi nikaikunja, nikaitia mkobani chini ya kanga.

Figo ilifanya kazi. Mdogo wangu akarudi Chokocho, mikono imejaa grisi tena, na simu yake ikilia saa moja asubuhi na saa moja usiku kumkumbusha vidonge. Mwaka wa tatu, mwenzake mmoja waliyelazwa naye wodi moja akagundulika ana uvimbe wa saratani. Mdogo wangu akaja kwangu Wawi na hofu yake, tukakaa barazani.

"Dada, vidonge hivi si vyaifumba macho kinga? Isione figo, na saratani nayo isiione?"

"Ndivyo, kwa kiasi fulani. Ndiyo maana wanakupima kila mara."

"Lakini figo hii si mgeni kwangu. Shangazi kasema siye twalingana kama pacha. Na kule wodini nlisikia pacha wa kufanana hana haja ya vidonge."

Shangazi alikuwa jikoni kwangu siku ile, anapepeta mchele. Ungo ukanyamaza. Nilijua anasikiliza, na nilijua maneno niliyotakiwa kuyasema. Wanafunzi wanaoona haya kuuliza mimi huwaambia kila siku kwamba mficha uchi hazai.

"Fuata alivyokwambia daktari," nikasema, kisha nikamuuliza habari za watoto.

Alilichukua kuwa jibu la kimwalimu tu. Akaanza kula vidonge vya usiku tu, vya asubuhi akaviacha, bila kumwambia mtu. Miezi ikapita haoni kitu, na kutoona kitu kukamtia moyo. Kisha miguu ikavimba tena. Kinga yake ilikuwa imeamka, imeiona figo yangu, na imeitambua kuwa si yake. Walimpa dawa kali, lakini walikuwa wamechelewa.

Nilimkuta kitandani amegeukia ukutani. Nilidhani analilia figo iliyokwisha kufa.

"Dada," alisema bila kunitazama, "twalingana kama pacha, na mwili wangu umeikataa figo yako. Basi yale maneno waliyomsema mama ni kweli? Mie si mtoto wa baba?"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nilichokifunika ili mama asitukanwe nilikuwa nimemfunulia mwanawe mwenyewe, tena kwa namna mbaya kuliko zote. Nikafungua mkoba. Karatasi ilikuwa bado mle, imechakaa kwenye mikunjo. Nikamwambia yote, ya simu, ya vigelegele, ya shangazi jikoni, na kwamba ndugu wa damu kabisa hulingana nusu kila siku ya Mungu.

Aliisoma taratibu, kidole juu ya mstari, kama anavyosoma namba za vipuri. Sasa anaishi Unguja kwa mkwewe, husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mashine za boti kamwachia mwengine. Hajanigombeza hata mara moja. Siku ile aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

"Nusu ingenitosha, dada," alisema. "Ungenambia ni nusu, ningeitunza."